Bidhaa Ipi Itangulie? Mwongozo Kamili wa Kupanga Orodha katika Saraka ya Bidhaa Mtandaoni

Mtu anayetafuta taa ya sola kwa simu yake, katika saraka yenye taa mia nne, haoni taa mia nne. Anaona mbili au tatu zinazoenea kwenye kioo, anasogeza kidole mara chache, kisha ama anachagua ama anaondoka. Mwaka 2017, Tume ya Ulaya ilipoitoza Google faini ya yuro bilioni 2.42 kwa namna ilivyoipendelea huduma yake yenyewe ya kulinganisha bei, ilieleza kwamba kwenye kompyuta za mezani majibu kumi ya ukurasa wa kwanza hupata takriban asilimia 95 ya mibofyo yote, ilhali jibu la kwanza la ukurasa wa pili huambulia karibu asilimia 1. Washindani wa huduma hiyo walikuwa wakionekana, kwa wastani, kuanzia ukurasa wa nne. Hawakufutwa kwenye mtandao, bali walipangwa mahali ambapo hakuna anayefika. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliithibitisha faini hiyo Septemba 2024.

Kwa hiyo anayepanga orodha anaamua nani auze na nani asionekane, hata kama hakukusudia. Mwongozo huu ni kwa anayejenga au kuendesha saraka ya ukubwa wa wastani, yenye bidhaa mia chache hadi elfu kadhaa, ambaye ana hifadhidata ya kawaida na programu ya kuhesabu. Nitatumia mfano wa saraka ya taa za sola na majiko tangu mwanzo hadi mwisho. Shabaha yangu ni moja: kila bidhaa iwe na sababu ya kukaa ilipo, na sababu hiyo iwe ya kuweza kuelezwa kwa muuzaji aliye chini yake bila kuona haya.

Hatua ya kwanza: chagua mpangilio wa msingi

Wageni wengi hawagusi kitufe cha kubadilisha mpangilio, hivyo ule wanaoukuta ndio utakaofanya kazi. Mipangilio mitatu mepesi huwavutia wajenzi wengi, na kila mmoja una tundu lake.

Mpangilio wa alfabeti unaonekana hauna upendeleo, lakini tangu enzi za vitabu vya simu wenye biashara walijifunza kujiita «AAA» ili watangulie, na katika saraka ya mtandaoni jina hubadilishwa kwa dakika moja. Kwa Kiswahili kuna tatizo la ziada, kwa kuwa majina yetu ya bidhaa huanza na nomino: majiko yote yatarundikana kwenye J na taa zote kwenye T, na mpangilio hautakuwa umemwambia mnunuzi lolote.

Mpangilio wa bei ya chini kwanza huleta vifaa vidogo mbele ya bidhaa yenyewe. Anayetafuta jiko la gesi atakutana kwanza na kurasa za mipira, klipu na vidhibiti, kwa sababu vyote hivyo vina neno «jiko» katika maelezo yake na bei zake ni ndogo. Mpangilio wa mapya kwanza nao huwafundisha wauzaji kufuta tangazo na kuliweka upya kila asubuhi, hadi saraka ijae marudio.

Mipangilio hiyo ibaki kama chaguo la mgeni anayeihitaji. Mpangilio wa msingi uwe wa alama, yaani namba moja inayokokotolewa kwa kila bidhaa kutokana na vigezo kadhaa. Hatua zinazofuata ndizo zinazoijenga namba hiyo.

Hatua ya pili: linda mlango kabla ya kugawa alama

Yapo mambo ambayo hayafai kuwa alama, kwa kuwa jibu lake ni ndiyo au hapana tu. Je, bidhaa ina picha halisi? Ina bei? Imewekwa katika kundi linalostahili? Je, kama sheria inaitaka iwe na alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango la Tanzania) au KEBS (la Kenya), inayo? Bidhaa isiyopita mlango huu isiingie kwenye orodha kabisa. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mjenzi kuligeuza sharti kuwa uzito, kwa mfano kuipunguzia bidhaa isiyo na bei alama kumi, halafu baadaye anashangaa kuikuta nafasi ya pili kwa sababu ilifidia kwa nyota nyingi.

Hapa pia unganisha marudio, na uweke vipimo vyote katika kizio kimoja. Mwanga wa taa uandikwe kwa lumeni, muda wa kuwaka kwa saa, bei kwa shilingi ya nchi husika. Bidhaa iliyoisha isifutwe, kwani kiungo chake huenda kimeshasambazwa, bali ishuke chini ya zote zilizopo hadi irudi dukani.

Hatua ya tatu: fanya utafutaji uelewe Kiswahili

Hapa ndipo saraka nyingi za kwetu zinapoanguka, na nitakaa hapa kwa muda.

Programu nyingi za utafutaji zimejengwa kwa mazoea ya lugha ambazo wingi wa neno hubadilika mwishoni. Zinakata mkia wa neno na kubaki na shina. Kiswahili hubadilika kichwani. Anayeandika «vikombe» anataka kukiona kikombe, anayeandika «mikoba» anataka mkoba, na anayetafuta «nyembe» hatapata chochote ikiwa muuzaji aliandika «wembe». Vivyo hivyo waya na nyaya, ufunguo na funguo, chandarua na vyandarua, jiko na majiko au meko. Saraka isiyolijua hili itamjibu mnunuzi kwamba hakuna bidhaa, wakati ghala limejaa.

Kishawishi ni kuiagiza programu ikate kila kiambishi inachokikuta mwanzoni mwa neno. Usifanye hivyo. Ukikata «ma» katika kila neno, «mashine» itabaki «shine», na ukibadilisha kila «vi» kuwa «ki», «vitamini» itakuwa «kitamini». Njia iliyo salama zaidi kwa saraka ya ukubwa huu ni jedwali la mkono: safu moja ya umoja, safu ya pili ya wingi, kwa nomino zote zinazoonekana katika majina ya bidhaa zako. Ni kazi ya siku mbili au tatu, na hudumu kwa miaka.

Ongeza safu ya tatu ya visawe. Mtu mmoja husema friji, mwingine huandika jokofu. Tochi ni kurunzi. Runinga ni televisheni na ni tivii. Taa ya sola ni taa ya umeme wa jua. Simu janja ya Dar es Salaam inaweza kuitwa simu mahiri kwingine. Weka pia tahajia zinazogongana, kama blanketi na blangeti, baiskeli na baisikeli. Ili ujue maneno gani yaingie, chukua kila wiki orodha ya maneno yaliyotafutwa na kurudisha jibu tupu, uyasome moja baada ya jingine. Hakuna ripoti nyingine katika saraka yenye faida kubwa kama hiyo.

Baada ya neno kulingana na bidhaa, lipime uzito. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones, mtafiti wa Uingereza, alionyesha kwamba neno linalopatikana katika hati chache lina thamani kubwa ya kutafutia kuliko neno lililomo katika hati zote. Katika saraka ya taa, neno «taa» limo kila mahali na halitofautishi chochote. Mtu akiandika «taa ya sola ya kusomea», neno lenye kazi ni «kusomea», na bidhaa yenye neno hilo ndiyo inayopaswa kupanda. Fomula iitwayo BM25, ambayo imo tayari katika injini nyingi za utafutaji za bure, hulifanya jambo hilo yenyewe, na ina sifa nyingine muhimu: neno likirudiwa mara nyingi katika maelezo yaleyale, faida yake huzidi kupungua. Muuzaji anayeandika «sola sola sola sola» hatafika mbali. Ongezea tu kwamba neno lililomo katika jina la bidhaa lihesabiwe zaidi ya lile lililomo katika maelezo marefu.

Hatua ya nne: hesabu nyota kwa haki

Chukulia taa mbili. Taa ya kwanza, tuiite A, ina tathmini 3, zote za nyota tano. Taa B ina tathmini 210, na wastani wake ni nyota 4.6. Ukipanga kwa wastani mtupu, A itamtangulia B, na watu watatu, ambao huenda ni muuzaji, mke wake na shemeji yake, watakuwa wamewashinda wanunuzi 210.

Dawa yake ni kuipa kila bidhaa tathmini za kufikirika kabla haijapata za kweli, zenye wastani wa saraka nzima. Hesabu hii hujulikana kama wastani wa Bayes, na IMDb, tovuti ya taarifa za filamu, imekuwa ikitumia fomula ya jamii hiyo kupanga filamu zake 250 bora. Tuseme wastani wa taa zote katika saraka yako ni 3.9, nawe umeamua tathmini za kufikirika ziwe 10. Basi:

Taa A: (10 × 3.9 + 3 × 5) ÷ 13 = 54 ÷ 13 = 4.15.

Taa B: (10 × 3.9 + 210 × 4.6) ÷ 220 = 1005 ÷ 220 = 4.57.

B imepanda mbele, na A haikuadhibiwa, kwani bado iko juu ya wastani wa saraka. Imeambiwa tu isubiri ushahidi. Je, ile 10 itoke wapi? Angalia bidhaa ya katikati katika kundi lako ina tathmini ngapi, uanzie hapo. Ukiweka namba kubwa mno, bidhaa mpya hazitapanda kamwe. Ukiweka ndogo mno, unarudi kwa yule shemeji.

Ikiwa saraka yako haina nyota bali ina kura za «nimeipenda» na «sikuipenda», tumia mpaka wa chini wa Wilson, uliotokana na kazi ya Edwin B. Wilson ya mwaka 1927, ambao Reddit, mtandao wa mijadala, ilianza kuutumia mwaka 2009 kupanga maoni. Unauliza hivi: kwa kura tulizo nazo, na kwa uhakika wa takriban asilimia 95, sehemu ya walioridhika haiwezi kuwa chini ya kiwango kipi? Bidhaa yenye kura 3 nzuri kati ya 3 hupata 0.44 tu. Yenye kura 190 nzuri kati ya 210 hupata 0.86.

Fomula hizi hazizuii uongo, zinaupandishia gharama tu. Tathmini ya mtu aliyenunua kweli ihesabiwe kamili, na ya mgeni asiyejulikana ihesabiwe kidogo au isihesabiwe kabisa. Tathmini 20 zikiingia usiku mmoja kwa bidhaa iliyolala mwezi mzima, zisimamishwe hadi mtu azisome.

Hatua ya tano: usiamini mibofyo kabla ya kuirekebisha

Mibofyo inaonekana kuwa sauti ya wanunuzi, lakini bidhaa hubofywa pia kwa sababu tu iko juu. Tume ya Ulaya, katika kesi niliyoitaja, ilieleza kwamba kulishusha jibu la kwanza hadi nafasi ya tatu huipunguza mibofyo yake kwa karibu nusu, ingawa jibu lenyewe halijabadilika hata herufi. Ukiirudisha mibofyo ghafi kwenye alama, aliye juu atabofywa, akibofywa atapanda, na aliye chini atazikwa hapo.

Linganisha kila bidhaa na nafasi iliyokaa. Tuseme katika saraka yako nafasi ya kwanza hubofywa, kwa wastani, mara 30 kati ya kila mara 100 inapoonekana, na nafasi ya tano mara 8. Jiko lililokuwa nafasi ya kwanza limebofywa mara 24, na jiko lililokuwa nafasi ya tano mara 12. Ukigawa, la kwanza lina 24 ÷ 30, yaani 0.8, na la tano lina 12 ÷ 8, yaani 1.5. Jiko la tano ndilo linalowavuta watu. Ili upate wastani wa kweli wa kila nafasi, mgeni mmoja kati ya kila 20 aonyeshwe bidhaa kumi za juu zikiwa zimechanganywa bila mpangilio. Utapoteza kidogo kwa mgeni huyo, lakini bila yeye huwezi kuujua wastani huo.

Mibofyo ya zamani ipungue uzito kadiri siku zinavyopita. Kanuni rahisi ni kuupunguza uzito kwa nusu kila siku 30: mbofyo wa miezi miwili iliyopita unahesabiwa robo, wa miezi mitatu unahesabiwa moja ya nane. Hata hivyo, bidhaa za msimu zina kalenda yake. Sufuria kubwa na majiko hutafutwa sana kabla ya Ramadhani na kabla ya Krismasi, na alama za Aprili zisiachwe ziamue orodha ya Oktoba.

Hatua ya sita: unganisha vigezo, kisha usome matokeo kwa macho

Geuza kila kigezo kiwe namba kati ya 0 na 1, kisha ukipe uzito. Kwa ukurasa wa kundi ninapendekeza kuanza hivi: tathmini 0.5, ukamilifu wa maelezo 0.2, mvuto uliorekebishwa, yaani ile mibofyo ya hatua ya tano, 0.2, upya 0.1. Kwenye utafutaji, ulinganifu wa neno utangulie vyote; alama hii ipange tu zile bidhaa ambazo zimejibu swali.

Turudi kwa taa zetu. Tathmini ya A, ikibadilishwa kutoka nyota 1 hadi 5 kuwa 0 hadi 1, ni 0.79, na ya B ni 0.89. A ina ukamilifu 0.9, mvuto 0.5, ambao ndio wa katikati kwa bidhaa isiyo na historia, na upya 1. B ina ukamilifu 0.6, mvuto 0.7, upya 0.2. Jumla ya A ni 0.775 na ya B ni 0.725. A imetangulia!

Wengi hapo wangekimbilia kuchezea uzito wa upya. Lakini hata ukiupunguza kwa nusu na kuipa tathmini sehemu iliyobaki, A bado inabaki juu. Tatizo liko kwenye ukamilifu: muuzaji wa B hajaandika lumeni, aina ya betri wala muda wa dhamana. Akiyajaza na kufikia 0.9, alama yake inakuwa 0.785 na anampita A. Mpangilio mzuri ndivyo unavyofanya kazi, kwa kuwa njia ya kupanda ni ileile inayomsaidia mnunuzi kuchagua vizuri.

Alama zikilingana, usiache hifadhidata iamue yenyewe, kwani mara nyingi itamtanguliza aliyejisajili mapema, na atabaki hapo milele. Changanya zilizolingana kwa namba ya bahati inayobadilika mara moja kwa siku. Isibadilike kila ukurasa unapofunguliwa, maana mgeni atakapokwenda ukurasa wa pili atakuta bidhaa alizokwisha kuziona, na nyingine hatazikuta kabisa.

Hatua ya saba: tenganisha fedha na alama

Saraka inahitaji kuishi, na kuuza nafasi za juu si dhambi. Dhambi ni kuziuza kwa siri. Malipo yasiingie kwenye fomula hata kwa uzito wa 0.01. Nafasi ya kulipiwa iwe mahali pake, yenye rangi tofauti na neno «Tangazo» lililoandikwa kwa herufi zinazosomeka kwenye simu ndogo, na bidhaa hiyo ionekane tena chini katika nafasi iliyoistahili kwa alama zake.

Mwaka 2020 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki LendEDU, tovuti ya kulinganisha mikopo ya wanafunzi na huduma nyingine za fedha, kwa madai kwamba iliwaambia wasomaji fedha haiathiri mpangilio wake, huku kampuni zikilipia nafasi. Kesi iliisha kwa makubaliano ya dola 350,000. Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni ya 2019/1150, iliyoanza kutumika Julai 12, 2020, huyataka majukwaa ya mtandaoni yawaeleze wauzaji vigezo vikuu vya mpangilio na iwapo malipo yanaweza kuubadilisha. Na tangu Mei 28, 2022 sheria za kumlinda mnunuzi zinataka nafasi iliyolipiwa katika matokeo ya utafutaji itajwe wazi. Saraka ya Nairobi au Mwanza haiko chini ya mahakama za huko isipouza huko, lakini mnunuzi wa Mwanza naye anadanganyika vilevile, na anastahili heshima ileile.

Hatua ya nane: andika maelezo, kisha pima kila badiliko

Andika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili ambacho mwenye duka ataelewa, unaotaja vigezo kwa mfuatano wa uzito wake. Huna haja ya kutoa namba kamili, kwani wajanja watazitumia kukuhadaa, lakini taja vigezo vyote bila kuficha hata kimoja. Muuzaji akiuliza kwa nini ameshuka, msimamizi aweze kufungua rekodi ya bidhaa na kuona kila sehemu ya alama: ya jana na ya leo. Kwa hiyo hifadhi alama za kila siku. Hazichukui nafasi kubwa.

Kabla ya kubadilisha uzito wowote, tengeneza orodha ya maneno 30 ambayo wageni huyatafuta zaidi, uandike kwa mkono bidhaa tano ambazo wewe na mtu anayeijua bidhaa vizuri, fundi wa sola kwa mfano, mngezitanguliza kwa kila neno. Endesha fomula ya zamani na mpya, uhesabu katika kila neno ni ngapi kati ya hizo tano zimeingia tano bora. Badilisha kigezo kimoja kwa wakati mmoja, andika tarehe na sababu, usubiri angalau wiki mbili kabla ya kugusa kingine. Maneno hayo 30 yapitie upya kila robo ya mwaka, ukiondoa yaliyopitwa na kuingiza yale mapya yaliyojitokeza kwenye ripoti ya majibu matupu.